Mafuta kwenye ini, gripe kwenye mapafu: jibu kwa mama wa Kadutu

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu. Bwana wake ana miaka 46 na kilo 92, anauza simenti na mabati. Miezi minne iliyopita ekografia, ile picha ya ndani ya tumbo, ilikuta mafuta kwenye ini lake. Karatasi iliandika "steatozi". Damu ilipopimwa, vimeng'enya vya ini vilikuwa hivi: ALAT 58, ASAT 40, na plaketi, zile chembe za kugandisha damu, 230,000. Majuma mawili yaliyopita gripe (homa ya mafua) ikamlaza siku sita: homa, kikohozi, viungo vyote vinauma. Siku ya nne walirudi labo wakapewa ALAT 142, ASAT 110, plaketi 150,000. Kipimo cha Covid na cha malaria havikuonyesha kitu. Hapo maneno yakaanza. Jirani akasema mafuta ya ini yamepanda kwenye mapafu. Mtu mwingine akapiga hesabu kwenye simu, akasema ini limeanza kuota makovu. Mama anauliza: ni ini lililoleta gripe, au ni gripe iliyoharibu ini? Na dawa gani apewe mtu kama huyo, maana hata watoto wawili wameanza kukohoa, na bwana amezoea kunywa chupa mbili za bia ya Primus kila jioni?

Mama, pole sana kwa kuuguza. Nianze na ile hesabu ya makovu, kwa sababu ndiyo naona inakunyima usingizi, na ndiyo rahisi kuiondoa.

Inaitwa FIB-4. Unachukua umri wa mtu, unauzidisha kwa ASAT. Kisha unachukua plaketi kwa maelfu, unazizidisha kwa kipeuo cha pili cha ALAT. Jibu la kwanza unaligawanya kwa la pili. Likiwa chini ya 1.3, makovu makubwa ni vigumu kuwapo; likipita 2.67, hapo tunaanza kuwa na wasiwasi na kutafuta vipimo vingine. Nimepiga hesabu kwa namba za bwana wako kabla hajaugua, nikapata 1.05. Nimepiga tena kwa namba za siku ya nne ya gripe, nikapata 2.83. Aliyekupa habari mbaya hakukosea hesabu. Alikosea siku. Kovu la ini hujengwa kwa miaka, halioti kati ya ekografia na gripe. Virusi hushusha plaketi kwa siku chache, na misuli inayouma wakati wa gripe nayo humwaga ASAT kwenye damu, maana kimeng'enya hicho hakikai kwenye ini peke yake. ASAT ya juu ikapanda, plaketi za chini zikashuka, na ini ambalo bado ni laini likaonekana kama limekauka. FIB-4 haifai kupigwa mtu akiwa na homa. Nimeona watu wakiuza mbuzi na kiwanja kwa ajili ya safari ya matibabu ambayo haikuwa na sababu, kwa karatasi iliyotoka siku ya homa, na inaniuma kila mara.

Sasa la mafuta kupanda kwenye mapafu. Jirani hakusema hivyo kwa ubaya, lakini sivyo. Mafuta yanayosemwa na ekografia yamo ndani ya seli zenyewe za ini, matone madogo madogo. Tunasema ini lina mafuta pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimeyabeba. Hayatoki huko kwenda kukaa kwenye mapafu na kuleta kikohozi. Ini na mapafu husemezana kwa damu. Kila dakika karibu lita moja na nusu ya damu hupita ndani ya ini, na kila ujumbe wa hatari unaotoka kwenye mapafu hufika huko haraka.

Wewe unakaa Kadutu, unajua moto ukishika nyumba ya mbao ya jirani inakuwaje. Hata kama miali haijagusa ukuta wako, joto linafika, rangi inababuka, na kila mtu anakimbia na ndoo. Ndivyo ini linavyopata shida wakati wa gripe. Kirusi chenyewe kwa kawaida hakijaingia humo. Mwili ukipigana kwenye mapafu, askari wa damu, zile seli nyeupe, huzunguka kila mahali, na wengi huishia kunaswa kwenye ini, ambako kuna seli za ulinzi zinazoitwa seli za Kupffer, kwa jina la mwanasayansi Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876. Mwaka 2006 watafiti walionyesha, kwa panya na kwa watu, kwamba gripe inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini ilhali vita viko kwenye mapafu. Kwa panya waliona kwamba bila seli hizo za Kupffer uharibifu huo hautokei. Hao askari walikuja kulinda, na seli chache za ini zinakufa katikati yao. Gripe ikiisha, vimeng'enya navyo hushuka. Kwa mtu mwenye ini zima huwezi hata kujua kwamba jambo hilo lilitokea.

Kwa bwana wako, nyumba inayopata joto hilo ina madumu ya mafuta ndani. Seli iliyojaa mafuta tayari imechoka: mitambo yake ya kuchoma chakula inatoa taka nyingi, akiba yake ya kujikinga ni ndogo, na uvimbe mdogo usio na maumivu unawaka humo siku zote. Ujumbe ule ule wa hatari kutoka kwenye mapafu unalikuta ini lake likiwa karibu na kuwaka. Homa inaongeza kazi, hamu ya kula inapotea, na mtu akiacha kula kabisa mwili unayeyusha mafuta ya tumbo na kuyapeleka kwenye ini hilo hilo. Kwa hiyo ALAT kutoka 58 hadi 142 siku ya nne ya gripe hainishangazi. Ningeshtuka kama macho yangekuwa ya njano, kama bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu, ingepanda, au kama namba zingefika maelfu. Hayo hukuyaandika, nami nachukulia kwamba hayapo.

Upande wa pili wa swali lako ni mgumu zaidi: je, ini hilo ndilo lililomlaza siku sita? Kushikwa na gripe, hapana. Gripe inamshika yeyote aliyepumua hewa ya mgonjwa ndani ya taksi iliyofunga vioo. Swali la kweli ni kama ini lenye mafuta linafanya gripe iwe kali. Wakati wa Covid, nchi nyingi ziliona kwamba watu wenye mafuta kwenye ini walilazwa na kuhitaji oksijeni zaidi kuliko wengine, na huko China mwaka 2020 jambo hilo lilijitokeza hasa kwa watu wasiofika miaka 60. Lakini ni nani hao wenye mafuta kwenye ini? Mara nyingi ni wale wale wenye tumbo kubwa, sukari na presha. Tafiti zilizofuata jeni za kurithi zinazojaza ini mafuta hazikuonyesha kwamba mafuta peke yake ndiyo yanayoleta Covid kali. Mimi naamini hivi: ini lenye mafuta ni alama ya mwili ambao umeshapoteza utaratibu wake wa sukari na mafuta, na ni mwili huo wote unaopigana vibaya na virusi. Tumbo linasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, sehemu za chini za mapafu hazijai hewa vizuri. Sukari ikiwa juu, askari wa damu wanakuwa wazito. Kule Nicaragua waliona kwamba watu wazima wanene waliougua gripe ya aina ya A waliendelea kumwaga virusi kwa muda mrefu kuliko wembamba, kwa asilimia 42. Maana yake bwana wako hakuugua peke yake kwa siku hizo. Huenda aliwaambukiza watoto kwa siku nyingi zaidi pia.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu hapa Kivu tumezoea kusema mafuta kwenye ini ni ugonjwa wa matajiri. Nenda Lwiro, kule Kabare, ambako watoto wenye utapiamlo wametibiwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi. Mtoto wa kwashiorkor, mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi, ana ini lililojaa mafuta kuliko la muuzaji wa simenti. Sababu ni nyingine: anakosa protini za kutengeneza vile vibebeo vinavyotoa mafuta kwenye ini kwenda nje, na seli zake zimeshindwa kuyachoma. Na ni nini humuua mtoto huyo mara nyingi? Nimonia. Tena nimonia isiyo na homa, kwa sababu mwili wake hauna hata nguvu ya kuwasha homa. Ini ndilo linalotengeneza protini nyingi ambazo mwili unazitumia vitani, zikiwemo zile zinazobandikwa kwenye vijidudu ili vitambulike na kuliwa. Kwa hiyo ini likishindwa, mapafu yanapigana bila silaha. Bwana wako hajafika huko hata kidogo. Nimelisema hili kwa sababu ndani ya mji mmoja, wakati mwingine ndani ya familia moja, mjomba ana mafuta kwenye ini kwa wingi wa soda na mpwa anayo kwa kukosa maharage.

Tuje kwenye dawa. Hapa ndipo ini lenye mafuta linapoumizwa zaidi wakati wa gripe, kuliko kirusi chenyewe, na hapa wewe una uwezo wa kufanya kitu leo.

Parasetamoli ni dawa nzuri na salama kwake. Usiogope kumpa. Kidonge cha miligramu 500 kimoja au viwili, aache saa 6 hadi 8 kabla ya kurudia, na kwa siku nzima asipite vidonge 6. Kwa mtu anayekunywa pombe kila siku, au ambaye amekaa siku mbili bila kula, mimi nashuka hadi vidonge 4. Sababu ni hii: sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa sumu, na ini huizima sumu hiyo kwa akiba inayoitwa glutathioni. Pombe ya kila siku inaongeza utengenezaji wa sumu hiyo. Njaa inapunguza akiba. Ukiunganisha pombe, njaa na parasetamoli nyingi, umefunga mlango na kuwasha jiko la makala ndani. Na parasetamoli inajificha: imo kwenye vile vipakiti vya rangi vya gripe, imo kwenye siropu fulani za kikohozi, imo kwenye vidonge vya "maumivu yote" vinavyouzwa kimoja kimoja barabarani. Nilimtibu baba mmoja aliyekuwa akinywa vya aina tatu kwa siku nne, akifikiri ni dawa tatu tofauti. Zote zilikuwa parasetamoli. Kabla hujampa kitu, soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa. Usipoliona, usinunue. Na kama kanisa lina mfungo juma hilo, mgonjwa wa gripe mwenye ini hili aombe akiwa amekunywa uji.

Antibiotiki haziui virusi, hilo limeshasemwa sana. Linalosemwa kidogo ni kwamba amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo farmasi nyingi zinaitoa kwa kikohozi chochote bila karatasi ya daktari, ndiyo antibiotiki inayoongoza kwa kuumiza ini katika nchi ambako mambo haya huhesabiwa, na umanjano unaweza kutokea majuma kadhaa baada ya kumaliza dozi. Ikiwa kuna nimonia ya kweli, daktari ataitoa nami nitaunga mkono. Kwa gripe, ya nini?

Halafu deksametazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wa Covid wanaohitaji oksijeni. Kwa wale wasiohitaji oksijeni haikuleta faida. Tangu hapo imekuwa dawa ya kila kifua. Kwa bwana wako itapandisha sukari, na ikiendelea itaongeza mafuta kwenye ini. Na mama, nikuombe jambo ambalo hukuuliza: kama ndani ya nyumba kuna vile vidonge vya kunenepesha vya sokoni, ambavyo wasichana wetu wanatumia ili wapate mwili, mara nyingi ndani yake ni deksametazoni hiyo hiyo. Vinaleta sura ya duara, sukari, ini la mafuta, na kinga inayolala wakati gripe inapita. Usivikatishe ghafla kwa aliyevitumia miezi mingi, maana mwili wake unaweza kuanguka. Mpeleke kwa daktari avipunguze polepole.

Majani machungu, kongobololo na mengine, najua yamo jikoni. Siwezi kukupa kipimo chake salama kwa ini ambalo tayari vimeng'enya vimepanda, kwa hiyo siku hizi yaache. Tangawizi na limau kwenye maji ya moto havina neno, ila usijaze sukari.

Kuhusu watoto, sheria moja tu isiyo na mjadala: wasipewe asipirini kwa gripe wala kwa tetekuwanga. Mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia alieleza watoto waliokuwa wanapona ugonjwa wa virusi, kisha wakaanza kutapika, kuchanganyikiwa na kuzimia. Ini zao zilikutwa zimejaa mafuta ndani ya siku chache, na ubongo umevimba. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huo walikuwa wamepewa asipirini. Marekani ilihesabu kesi 555 katika mwaka mmoja, kuelekea 1980. Wazazi walipoonywa na maonyo kuandikwa kwenye maboksi, ugonjwa huo karibu ukatoweka. Hakuna mfano mwingine ninaoujua ambapo gripe na mafuta ya ini vimekutana waziwazi hivyo. Watoto wako wapewe parasetamoli kwa uzito wao, maji, maziwa ya mama kama yupo anayenyonya, na chanjo zao zote za kalenda. Ile ya pneumokoki imo, na inakinga nimonia. Jiko la makala litoke ndani ya chumba wanacholala.

Sasa Primus. Karatasi ya ekografia haihesabu chupa, mimi nitazihesabu. Chupa kubwa ya sentilita 72 yenye alkoholi asilimia 5 ina karibu gramu 28 za alkoholi. Mbili kila jioni ni karibu gramu 400 kwa juma. Majina mapya ya ugonjwa huu, yaliyokubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi mwaka 2023, yanamruhusu mwanamume hadi gramu 210 kwa juma ili aitwe mwenye ini la mafuta lisilotokana na pombe. Bwana wako amepita karibu mara mbili. Kwa hiyo ana vyote viwili, uzito na pombe, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Wakati wa gripe na mwezi mmoja baada yake, nisingempa hata nusu chupa. Baada ya hapo ningependa aache kabisa. Ikishindikana, basi isiwe kila jioni. Lakini kama mikono inatetemeka asubuhi asipokunywa, asiache peke yake nyumbani, aje tumsaidie.

Akishapona vizuri, kupunguza kilo 5 kunaanza kutoa mafuta kwenye ini. Kilo 7 hadi 9 zinatuliza na ule uvimbe wa ndani. Si sasa, wakati bado anakohoa. Soda ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa sababu chupa moja ndogo ina zaidi ya gramu 30 za sukari na nusu yake ni ya aina ambayo ini ndilo linaloibeba. Bugali ipungue; samaki wadogo wa sambaza, maharage na mboga za lengalenga viongezeke, na hizo ngazi na milima ya Kadutu apande kwa miguu badala ya pikipiki. Kahawa yetu ya Kivu, bila sukari, vikombe viwili au vitatu kwa siku, anywe; wanaokunywa kahawa wameonekana kuwa na makovu machache ya ini. Chanjo ya Covid, na ya gripe akipata nafasi, hazina hatari kwa ini lenye mafuta, na yeye ni mtu wa kuwekwa mbele kwenye foleni.

Kwa sasa muangalie tu. Akianza kuhema akiwa amekaa tu, midomo ikibadilika rangi, homa ikirudi baada ya kuondoka siku mbili, macho yakiwa ya njano, mkojo kama chai nyeusi, tumbo likijaa maji, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka na kulala mchana kutwa, mpeleke usiku huo huo. Kikohozi kikipita majuma mawili, apimwe kifua kikuu. Na afanye hivyo hasa kama sukari yake itakutwa juu, maana sukari na kifua kikuu hutembea pamoja.

Majuma sita kutoka siku homa ilipokwisha, rudini labo. Ombeni ALAT, ASAT, plaketi, bilirubini, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na hepatiti B na C, kwa sababu hapa kwetu hepatiti B ni nyingi na ekografia ya mafuta haiwezi kuionyesha. Pigeni FIB-4 kwa namba hizo mpya. Ikiwa ALAT imerudi karibu na 58, gripe ilipita tu. Ikibaki juu ya 100, au hepatiti ikionekana, niandikie tena, na uniandikie pia uzito wake wa siku hiyo na idadi ya chupa, bila kumficha.